Mnaofundisha vijana "wacha 1013 hivyo hivyo", mnawaangusha!

Assalaam alaykum wakuu. Uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sifichi. Kuna darasa la simuleta ya ndege hapa mjini Unguja, jina silitaji, linachukua pesa za vijana kuwafundisha kurusha ndege kwenye kompyuta. Somo lao zima la altimita, yaani saa inayoonesha ndege iko juu kiasi gani, ni hili: bonyeza B ya kibodi ijipange yenyewe, na ukisahau wacha 1013 hivyo hivyo, yaani mgandamizo wa hewa wa wastani usawa wa bahari kwa hektopaskali. Basi, somo limekwisha na pesa imeshaliwa.

Kuna kijana kutoka Wete kasoma hapo, akiba yake ya likizo ya skuli yote kaitia humo. Kaja kwangu na kompyuta yake mkononi. Kaiweka Cessna 172 kiwanja cha Arusha, hata injini hajawasha, altimita inasoma futi 4,500 na ushei. Kamuuliza mwalimu wake, kajibiwa kwa ujumbe kuwa altimita imeharibika, azungushe mpaka sindano zirudi sifuri. Nimekaa ubavuni kwake namtazama anavyozungusha. Kidirisha cha altimita, kinachoonesha mgandamizo uliotiwa kwa inchi za zebaki, kinashuka, inchi 29, halafu 28 na kitu, kikagota. Sindano bado zinasoma zaidi ya futi 2,500. Mtoto wa watu kaniangalia kama kwamba kosa ni lake.

Altimita ilikuwa nzima! Kiwanja cha Arusha kiko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Ukitia QNH sahihi, yaani mgandamizo wa pale uliohesabiwa kwa usawa wa bahari, ndege ikiwa imesimama altimita lazima isome mwinuko wa kiwanja, na hivyo ndivyo unavyoihakiki kabla hujaruka. Hapa kwetu Karume isome 54 hivi, Dar 182, Kilimanjaro 2,932. Sifuri anayoitaka mwalimu huyo ni QFE, yaani mgandamizo wa pale pale kiwanjani, na kuipata Arusha unahitaji inchi 25 na kitu, kidirisha cha Cessna hakifiki huko. Na hata kingefika, vimo vyote vya ramani, kuanzia Mlima Meru hapo pembeni, vimehesabiwa kutoka usawa wa bahari. Asingepatana na ramani wala na ndege nyingine yoyote angani.

Kinachoniudhi zaidi ni jeuri yao. Ukiwaambia, wanakujibu "mbona sisi tunatua kila siku na 1013 na hakuna linalotupata?" Hakuna linalowapata kwa sababu wanarukia Unguja, Pemba na Dar! Karibu na Ikweta mgandamizo wa hewa haubadiliki sana. Hupanda kama saa nne asubuhi, ukashuka kama saa kumi jioni, usiku ukarudia tena, mfano wa maji kujaa na kupwa, na tofauti yake ni hektopaskali tatu hivi. Kusi ikivuma unakuwa juu kidogo, kaskazi chini kidogo. Huku chini hektopaskali moja ni futi 27 hivi, basi kosa linajificha.

Mpeleke sasa London wakati wa baridi, hali ya hewa ya kweli imewashwa, kimbunga kimepita na QNH ni 980. Yeye kabaki na 1013. Hizo ni hektopaskali 33, karibu futi 900. Altimita inamwambia yuko futi 1,000 na yeye kabakisha 100 agonge, ndani ya wingu, haoni kitu. Altimita haioni ardhi, jamani. Inapima hewa tu, kisha inaihesabu kuwa futi kwa kuanzia namba uliyoitia wewe. Hilo ndilo la kufundishwa siku ya kwanza, kabla ya hiyo B.

Na B yenyewe kwenye simuleta ya Microsoft inatia mgandamizo wa pale ulipo dakika ile. Ukiibonyeza Unguja ukaenda hadi Nairobi bila kuigusa tena, unatua na namba ya Unguja. Ukiruka na wenzako mtandaoni, muongoza ndege anatoa QNH ili wote muwe na namba moja. Kijana aliyezoeshwa B hata haisikilizi, wala hajui aitie wapi.

Halafu masomo yenyewe wamenakili video za Marekani bila kuyapima. Wanawaambia vijana watie 29.92, hiyo hiyo 1013 kwa inchi, wakipita futi 18,000, dunia nzima. Futi 18,000 ni ya Marekani na Kanada! Kwengine kila nchi ina yake, na imeandikwa kwenye chati, isomeni. Huko juu kila ndege inatia 1013 ili zote zipimwe kwa kipimo kimoja zisigongane. Ukishuka unarudi kwenye QNH ya unapokwenda, na hapo ndipo vijana wao wanaposahau kwa sababu hawakuambiwa. Tena kuna muongoza ndege anayesema "tisa tisa mbili", yaani hektopaskali 992, na aliyekariri 29.92 akatia hiyo. Kashapotea futi 570 hivi.

Msinambie ni mchezo tu. Mei 2022 ndege ya kweli aina ya Airbus A320 ilikuwa inatua Paris, waongoza ndege wakatoa QNH 1011 badala ya 1001. Namba kumi tu. Ilishuka mpaka futi 6 kutoka ardhini kabla haijafika kiwanjani, marubani hawajaiona njia ya kutua, ndipo ikapaa tena. Wachunguzi wa Ufaransa wameyaandika yote. Hao vijana wengine wanaota kusomea urubani, na mnawapeleka huko na tabia hii.

Ninachotaka: darasa hilo lirudie somo la altimita bure kwa wote waliolipa, au lirudishe pesa. Aliyefundishwa kuacha 1013 aandike hapa chini, na alichoambiwa alipouliza. Na wewe mwalimu unajijua. Kijana wa Wete bado anasubiri umjibu, na safari hii umwambie ukweli kuwa altimita yake haikuharibika.