Naomba ushauri: tunahamia New Orleans, tupange wapi?

Wakuu, habari zenu. Mume wangu kapata kazi New Orleans, sisi tuko Houston. Mji wenyewe naupenda mno: Jumapili watu wanafuata matarumbeta mitaani, hata mazikoni muziki unapigwa, na gumbo, mchuzi wao mzito, ina bamia (mtu wa Pwani hapotei hapo). Lakini kimbunga Katrina cha 2005 kilibomoa kuta za kuzuia maji, asilimia 80 ya mji ikafunikwa, na wengi waliohama hawakurudi tena. Bima ya nyumba nayo bei haishikiki.

Aliyeishi huko anijuze: tupange mtaa wa Algiers, ng'ambo ya mto, ambako maji yale hayakufika, au Gentilly, karibu na kazini, iliyozama? Na mpangaji akate bima ya mafuriko?