Tupeane uzoefu: chumba cha wavuta sigara ndani ya baa, na hoja ya "mali yangu"

Mwenye mada
Wakuu, ukaguzi wa uvutaji sigara ukipita, wimbo wa wenye baa ni uleule: "Baa yangu, kodi nalipa mimi, nani anipangie?" Wajenzi, wakaguzi na watu wa sheria, wekeni hapa vipimo na makosa yanayojirudia.

Fundi Hewa
Tatizo linaanzia darini. Ukuta wa kioo unapandishwa hadi kwenye bodi za dari, watu wanadhani kazi imeisha. Juu ya bodi kuna uwazi unaokwenda ukumbi mzima. Moshi unapita huko unashukia meza ya tatu. Ukuta upande hadi kwenye zege lenyewe, matundu ya nyaya yazibwe.

Halafu AC. Ile ya ukutani haitoi moshi: inavuta hewa ya chumba, inaipoza, inairudisha ileile. Weka feni ya kutolea nje. Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo 2.7, ni mita za ujazo 32 na ushee. Feni ya mita za ujazo 500 kwa saa inabadilisha hewa kama mara 15 kwa saa. Hewa inayoingizwa iwe pungufu ya inayotoka, ili mlango ukifunguliwa chumba kivute, kisiteme.

Kupima ni rahisi: washa kijiti cha udi, kishike chini ya mlango upande wa ukumbini. Moshi ukiinamia chumbani, sawa. Ukikurudia usoni, mara nyingi feni ya jikoni imeizidi nguvu ya chumbani. Kwa hiyo pima jiko likiwaka, si asubuhi baa ikiwa tupu.

Ila nisidanganye: feni inazuia moshi usisambae, haimponyi aliyemo ndani. ASHRAE, chama cha wahandisi wa hewa cha Marekani, kinasema hivyohivyo.

Mbishi
Gharama zote hizo za nini? Naandika mlangoni "hapa tunavuta", asiyetaka apite.

Wakili Msaidizi
Mkuu, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya 2007 haijali hati ina jina la nani, inajali kama umma unaingia. Baa na migahawa imo. Ulichoachiwa ni hiari ya kutenga eneo, nalo liwe limezibwa sakafu hadi dari na lenye hewa ya kutosha. Anayevuta mahali pa umma nje ya eneo hilo, faini hadi shilingi 50,000 au kifungo hadi miezi 6. Uganda ni kali zaidi: sheria ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, hivyo ua wa nyuma haukuokoi.

Bango lako linampa mteja nafasi ya kuchagua. Mhudumu anayekaa humo zamu nzima je? Ireland ilipopiga marufuku kuvuta ndani ya baa tarehe 29 Machi 2004 ilitumia hoja hiyohiyo: baa ni mahali pa kazi.

Na wengi wanaosema "mali yangu" ni wapangaji. Soma mkataba kabla ya kutoboa ukuta kuweka feni.

Mbishi
Hapo kwa mhudumu umenibana. Kwa mwenye baa anayehudumia peke yake bado sijakubali.

Wa Leicester
England, tangu 1 Julai 2007, kinachopimwa ni uwazi. Banda lenye paa linahesabiwa limefungwa, yaani marufuku kuvuta humo, kama uwazi wa kudumu haufiki nusu ya eneo la kuta. Mfano: mita 6 kwa 4, kimo 2.5, kuta ni mita za mraba 50. Acha wazi 25 au zaidi. Madirisha na milango haihesabiki kuwa uwazi, hata ikiwa imefunguliwa. Turubai la kukunja ni paa likishatandazwa. Banda linapita ukaguzi Julai, Novemba mtu anashusha plastiki pembeni kuzuia baridi, tayari kosa. Mwenye baa anayeachia watu wavute anaweza kutozwa hadi pauni 2,500.

Afya Kaunti
Ondoeni visahani vya majivu kwenye meza za kawaida, hata vile "vya mapambo". Mteja akikiona kisahani anawasha, na mhudumu hana la kumwambia. Kopo la mchanga likae nje ya mlango wa kuingilia, mbali na dirisha na tundu la kuingizia hewa.