Nyumba ya mbao Kiseke: fundi anataka kupunguza mbao, nikubali?

Mwenye Kiwanja
Wakuu, habari za jioni. Kiwanja kipo Kiseke, Mwanza, juu kwenye mawe, upande unaopokea upepo wa ziwani. Nataka nyumba ya fremu ya mbao, mita 6 kwa 8, ukuta wa mita 2.7, bati geji 28. Fundi ameniandikia nguzo 28 za 2x4 (nchi 2 kwa nchi 4), moja kila mita. Mbao za mshazari, zile zinazokatiza ukuta kwa pembe, ameziondoa, anasema mbao za kufunika ukuta zinatosha kukaza. Juu ya dirisha anataka 2x4 moja iliyolazwa. Naomba kujua kila ubao una kazi gani, na wapi naweza kubana gharama.

Fundi Kenchi
Mkuu, usikubali. Bati linabebwa na papi (mbao linapopigiliwa), papi na kenchi (fremu za pembetatu za paa), kenchi inakaa juu ya mbao ya juu ya ukuta, hiyo inashusha uzito kwenye nguzo, nguzo kwenye mbao ya chini, halafu zege.

Nguzo ziwe kila sentimita 60, katikati hadi katikati. Mzunguko wako ni mita 28, hivyo ni nguzo 47. Ongeza 2 kila kona, maana kona inataka 3 ili ukuta wa ndani upate pa kupigiliwa, na 2 kwa kila mlango au dirisha za kubeba linta, yaani mbao ya juu ya uwazi. Ukiwa na mlango 1 na madirisha 4 unafika 65, kabla ya kuta za ndani. Kenchi weka kila sentimita 120, kila moja isimame juu ya nguzo. Mbao ya juu iwe mbili zilizopandana, na maungio yake yapishane.

Pa kubana papo. Ubao wa futi 12 una sentimita 366. Ukitoa mbao mbili za juu na moja ya chini, nguzo yako ni sentimita 255, inabaki 111. Hicho kipande kinatoa vikingamo viwili (vipande vya kulala kati ya nguzo) vya sentimita 55, na 55 ndiyo nafasi kamili kati ya nguzo na nguzo. Usikubali vitupwe, vinazuia nguzo zisijipinde.

Jabali
Niongeze kwenye mshazari, hapo ndipo fundi anakosea zaidi. Nguzo na mbao za juu na chini zinatengeneza mstatili, na msumari wa kwenye kona unafanya kazi kama bawaba: upepo ukisukuma, mstatili unalala. Mbao za kufunika zikipigiliwa kwa mlalo, kila moja inateleza kidogo juu ya mwenzake. Utaona mlango umeanza kukwama juu upande mmoja.

Chukua 1x4, ianze juu kwenye kona ishuke hadi mbao ya chini, pembe kati ya digrii 45 na 60. Chonga kila nguzo nchi moja ili ubao uzame usawa, kisha misumari 2 ya nchi 2½ kila nguzo. Kila ukuta mishazari miwili inayoelekeana. Kabla ya kupigilia, pima ukuta kona hadi kona kwa futi, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, sukuma kwanza. Msingi pia: 6 kwa 8, kona hadi kona lazima isome mita 10 kamili.

Linta: 2x4 ileile ukiisimamisha kwa ubavu inakuwa ngumu mara 4 kuliko ikilazwa. Dirisha la mita 1.2 weka 2x6 mbili zilizosimama.

Mama Ilemela
Mdogo wangu, usisahau upepo hausukumi tu, unanyanyua. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha nguzo unachomoka kirahisi kwa sababu umeingia sambamba na nyuzi za mbao. Funga mkanda wa bati toka kenchi hadi nguzo, na mwingine toka nguzo hadi mbao ya chini. Mbao ya chini ishikwe na bolti za milimita 12, kila mita 1.2, na moja ndani ya sentimita 30 kutoka kila ncha ya ubao. Mahali pa jiwe tupu, toboa sentimita 20, toa vumbi lote, simamisha nondo kwa saruji, ndipo umwage mkanda wa zege juu yake. Saruji haishiki jiwe lenye vumbi.

Mwenye Kiwanja
Asanteni sana. Na mchwa? Fundi anasema oili chafu inatosha.

Mama Ilemela
Haitoshi, oili inabaki juu juu. Nunua paini iliyotiwa dawa, iwe ya shamba la miti la Sao Hill au la Buhindi, ukate kipande uangalie: rangi ya dawa iwe imeingia ndani, si ganda tu. Kila unapokata, paka dawa upya kwenye mkato. Zege liwe juu ya ardhi angalau sentimita 20, na kati yake na mbao uweke nailoni nzito, maana zege linapandisha unyevu. Usirundike udongo wala maua ukutani, utashindwa kuona vijia vya udongo vya mchwa vikipanda.

Fundi Kenchi
Na usijenge na mbao mbichi. Zipange kivulini, zitenganishwe kwa fito, wiki 4 au zaidi. Ikikaukia ukutani inasinyaa, misumari inalegea.