Usaili Alhamisi kiwanda cha parachichi Rungwe: nivae suti au nisivae?

Kijana_Ilomba:
Wakuu habari za jioni. Nimeitwa usaili Alhamisi hii saa 3 asubuhi, kiwanda cha kufungasha parachichi huko Rungwe, nafasi ya mkaguzi wa ubora. Niende na vyeti halisi, nakala zake na kitambulisho cha NIDA. Wamesema pia kutakuwa na mahojiano na "zoezi fupi la vitendo". Nina diploma ya kilimo, natokea hapa Ilomba, Mbeya mjini.

Swali langu ni mavazi. Suti nimeshanunua soko la Mwanjelwa, ya mtumba, kijivu, elfu 35. Imenikaa ila mikono mirefu, fundi ananipunguzia kesho. Kuna watu wananiambia suti kiwandani ni kujichora. Nisaidieni, tangu nipigiwe simu chakula hakipiti.

Bibi_Shamba:
Mdogo wangu, suti haina shida, angalia vinavyoandamana nayo. Hapo unaingia kiwanda cha chakula. Usijipulizie marashi hata kidogo. Saa, pete, bangili, cheni, vyote viache nyumbani. Kucha ziwe fupi, na kama una kidonda kidoleni kifunge plasta ya rangi inayoonekana, ya bluu ukiipata, maana ikidondoka kwenye mzigo lazima ionekane.

Wakikupitisha ndani watakupa kofia ya nywele na koti jeupe. Hapo ndipo wengi wanapoanguka bila kujua wanatazamwa. Kofia kwanza, nywele zote na masikio yaingie. Koti la pili. Mikono mwisho: maji, sabuni, sekunde 20, kausha kwa karatasi, na bomba ulifunge kwa hiyo hiyo karatasi. Ukishanawa halafu ukagusa kofia kuiweka sawa, rudi ukanawe tena, bila kusubiri kuambiwa. Viatu vya kufunika, soli isiyoteleza. Huko Rungwe, mjini Tukuyu, mvua unazijua.

Mzee wa Uyole:
Kijana, salamu kwanza. Ukiingia simama, salimia, aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, subiri uambiwe kaa. Vijana wa sasa wanaingia na simu mkononi wanasema "mambo". Halafu mnalia hakuna ajira. Na usafiri: kosta za Tukuyu haziondoki mpaka zijae. Ni kama kilomita 70 na njiani zinashusha na kupakia, Uyole, Isyonje, Kiwira. Mtu wa saa 3 awe stendi saa 11 alfajiri.

Chizi_Maarifa:
Suti ya mtumba kagua mifuko ya ndani mkuu. Usije ukaitoa kalamu mbele ya jopo ikatoka na barua ya kuachishwa kazi ya mwenye suti wa kwanza 😂

Fundi_Mizani:
Nyote mmeng'ang'ania nguo. Kijana, hilo zoezi la vitendo ni nini? Kwa nafasi hiyo mara nyingi ni kupima ukavu wa nyama ya tunda, kwa maana ya asilimia inayobaki maji yakishatoka. Unaweza?

Kijana_Ilomba:
Hilo nimeliona likifanyika, kwa mkono wangu bado. Ila sidhani kama watanibana sana huko kwa sababu uzoefu ninao. Turudi kwenye suti, tai nifunge au niache kola wazi?

Fundi_Mizani:
Tai funga, halafu soma hapa.

Chukua matunda 10 kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, usichukue ya juu tu. Kata kila moja kwa urefu, kuanzia kikonyo hadi kitako, kwa sababu ukavu haulingani tunda zima. Toa ganda, toa kokwa, na ile ngozi nyembamba ya kahawia inayobaki kwenye nyama uikwangue. Wengi wanaisahau hiyo. Paruza nyama kwa kiparuzi, changanya, kisha upime haraka kabla haijapoteza maji mezani.

Pima sahani tupu uandike. Tuseme gramu 32.40. Ongeza nyama gramu 10.00 kamili. Weka kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, toa, pima, rudisha dakika moja, pima tena, mpaka uzito ugome kushuka mara mbili mfululizo. Ikisoma 34.70, toa sahani: 2.30 kati ya 10, yaani asilimia 23. Kiwango cha kimataifa cha UNECE, tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, kwa parachichi aina ya Hass ni asilimia 21 kwenda juu, kwa aina ya Fuerte 20. Mnunuzi anaweza kudai zaidi.

Makosa mawili. Ukiona moshi au ukasikia harufu ya kuungua, tupa uanze upya: umechoma kilichotakiwa kubaki, jibu litakuwa dogo kuliko ukweli na utamkataa mkulima asiye na kosa. Ukipaka nyama nene, nje inakauka ndani kuna maji, jibu linakuwa kubwa, unapokea tunda changa. Hilo likifika sokoni linanyauka linakuwa kama mpira badala ya kulainika.

Bibi_Shamba:
Na joto. Watakupa kipimajoto cha kuchoma ndani ya tunda wakuulize utajuaje kinasema kweli. Barafu iliyopondwa ijae kikombe, maji kidogo tu ya kuziba nafasi, koroga, chomeka bila kugusa kikombe. Kisome 0.

Fundi_Mizani:
Hapo umenikumbusha mtego, Bibi. Wakikuonyesha kipimajoto kwenye maji yanayochemka kikasoma 94, usiseme kibovu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji huku yanachemka kwenye 94 hivi. Kikisoma 100 kamili, hicho ndicho cha kutilia shaka.

Chizi_Maarifa:
Kumbe ndio maana maharage ya huku yanakula mkaa gunia zima. Ndaga fijo fundi, yaani asante sana.

Mama_Mkaguzi:
Kijana, umeandika "uzoefu ninao" kisha ukakimbilia tai. Uzoefu upi? Mtu mwenye uzoefu wa ukaguzi wa ubora hawezi kuwa hajawahi kupima ukavu.

Kijana_Ilomba:
Uzoefu wa parachichi dada. Misimu miwili.

Mama_Mkaguzi:
Kama nani? Na CV uliyotuma imeandikaje?

Kijana_Ilomba:
Sawa, niseme tu. Nilikuwa kibarua kwenye meza ya kuchambua, kiwanda kingine, misimu miwili, malipo ya siku. Kwenye CV nimeandika "Msaidizi wa Mkaguzi wa Ubora, miaka 2". Mdhamini nimemweka binamu yangu, nimeandika ni msimamizi wa zamu. Nimeshamwelekeza cha kusema wakimpigia.

Kabla hamjanirukia, kazi yenyewe ilikuwa ni ubora ule ule, tofauti ni jina la cheo. Kila mtu anapamba CV. Ningeandika kibarua nani angeniita? Na CV ishatumwa, hairudi. Ndio maana nikauliza suti tu.

Mzee wa Uyole:
Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea.

Mama_Mkaguzi:
Mzee, methali haimsaidii, Alhamisi iko karibu. Kijana, sikiliza jinsi itakavyokukamata. Watakuomba namba ya NSSF. Kila mwanachama ana moja, na taarifa ya michango inaonyesha mwajiri nani na mwezi gani. Miaka miwili ya usaidizi bila mchango hata mmoja, utasema nini? Pili, mkaguzi makini hapigi simu ya mkononi uliyoandika wewe, anatafuta namba ya ofisi ya kiwanda na kumuulizia mtu kwa jina. Binamu yako hayupo pale. Tatu, swali moja tu: "Tueleze mzigo wa mwisho ulioukataa, na ulijaza fomu gani." Kwisha habari.

Hujaghushi cheti, hiyo ingekuwa jinai. Lakini hata ukipita, ukweli ukijulikana mwezi wako wa nne kazini, bado uko kwenye majaribio. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri hana ile kinga ya kuachishwa isivyo haki. Na kanuni za 2007 zinataja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa ya kumwondoa mtu kwa mara ya kwanza tu.

Kijana_Ilomba:
Naelewa dada, ila nikijitoboa mwenyewe ndio nimejifukuza kabla sijaingia. Binamu ni mtu wa kujiamini, anaongea vizuri sana.

Suti_na_Tai:
Mimi usaili wangu wa kwanza, ilikuwa Iringa, mvua inanyesha, basi nikafika pale getini...

Chizi_Maarifa:
Mkuu fungua uzi wako, huku kuna mgonjwa mahututi.

Jicho_la_Tatu:
Wakuu mnapigwa. Huu uzi umetungwa. Someni vizuri: kiwanda hakina jina, simu imepigwa, suti kijivu elfu 35, halafu mara binamu. Huyu ama ni mwanafunzi anatafutiwa majibu ya kazi ya chuo, ama ni mtu wa ofisi ya ajira anavua mbinu za waombaji. Fundi kashamwandikia mtihani mzima na majibu yake.

Bibi_Shamba:
Hata mimi nilishtuka, mtu anaitwa usaili wa ubora halafu kinachomnyima usingizi ni kola.

Kijana_Ilomba:
Jamani. Jina la kiwanda siandiki kwa sababu nataka kazi. Mnataka niapie nini?

Jicho_la_Tatu:
Usiape. Jibu bila kutafuta mtandaoni. Katoni ya kilo 4, namba 18. Tunda moja gramu ngapi?

Kijana_Ilomba:
220 na kidogo. Namba ndio idadi ya matunda kwenye katoni. 16 ni 250, 20 ni 200. Baada ya wiki mbili huhitaji mizani, mkono wenyewe unakwambia, mizani ni ya kumwonyesha msimamizi.

Jicho_la_Tatu:
Paleti moja katoni ngapi?

Kijana_Ilomba:
264. Kumi na mbili kila tabaka, matabaka 22. Tabaka la chini likikaa vibaya yote yanalala, mnashusha kwa mkono saa nzima.

Jicho_la_Tatu:
Tunda limeng'oka kikonyo chote, limebaki shimo. Linakwenda wapi?

Kijana_Ilomba:
Haliendi nje ya nchi. Pale kwenye shimo ndipo uozo unapoingilia, unaliona zima leo, likianza kulainika linaoza kuanzia juu. Linatakiwa kukatwa kwa mkasi, kibaki kipande kifupi, kisizidi milimita 10, na kisiwe na ncha kwa sababu kinachoma la jirani kwenye kreti. Tulikuwa tukiona kreti ina mashimo mengi tunajua huyo mkulima kavuna kwa kuvuta. Nilikuwa naziweka pembeni kreti za mkulima mmoja mmoja na kuhesabu, msimamizi akija namwambia huyu 14 kati ya 100, huyu 3. Utomvu wake ukikauka vidoleni unakuwa mweusi, hautoki kwa sabuni, ukilazimisha unatoka na ngozi.

Jicho_la_Tatu:
Basi. Nafuta maneno yangu. Huyu kashika mzigo.

Fundi_Mizani:
Kijana, unasikia ulichoandika? Kuhesabu kreti kwa mkulima na kutoa kasoro ngapi kati ya 100, huo ndio ukaguzi wenyewe. Umeufanya kwa malipo ya siku, ukauficha, ukaweka cheo ambacho huwezi kukijibia swali la pili.

Mama_Mkaguzi:
Ndiyo. Andika upya mstari huo: "Kibarua, meza ya kuchambua na kupanga madaraja, misimu 2." Chini yake weka mambo matatu: kupanga namba 12 hadi 30, kutenga kasoro za kikonyo na michubuko na kuzihesabu kwa mkulima, kupanga paleti za katoni 264. Binamu mtoe. Weka msimamizi wa kweli, umpigie leo umuombe ruhusa. Tuma kwa barua pepe kabla ya Jumatano mchana, kichwa kiwe "CV iliyosahihishwa" na jina lako. Ndani sentensi mbili: CV ya awali ilieleza cheo changu kimakosa, hii ndiyo sahihi. Usijieleze kurasa tatu. Chapa nakala nne uende nazo.

Bibi_Shamba:
Hapo kwenye barua pepe sikubaliani. Mtu asiyekujua akisoma "kimakosa" anakuondoa kwenye orodha na siku inaendelea. Aseme ana kwa ana, mwanzoni kabisa, akiwagawia nakala mpya, kabla hawajauliza. Wakimuona na wakasikia hizo kreti zake ni habari nyingine.

Mama_Mkaguzi:
Na kama wamepiga simu Jumatano? Anafika wameshaongea na binamu.

Kijana_Ilomba:
Binamu kanipigia sasa hivi. Kuna namba mpya ilimpigia mchana akiwa kwenye bodaboda, hakupokea.

Mama_Mkaguzi:
Tuma usiku huu.

Chizi_Maarifa:
Na binamu mwambie azime simu, kujiamini kwake kubaki Ilomba.

Kijana_Ilomba:
Naandika. Msimamizi wa kweli kapokea, kacheka, kasema nimtaje tu. Sijui kama wataniita tena. Lakini mikono ya suti fundi ameshaikata, kwa hiyo nauliza mara ya mwisho: niende nayo au shati na suruali?

Bibi_Shamba:
Nenda nayo. Koti la suti ulivue kabla ya kuvaa koti jeupe, usivae juu yake, na kalamu itoe mfuko wa juu. Ukiinama kwenye mzigo inadondokea ndani.