Ushauri: blakiberi zina unga wa rangi ya chungwa chini ya majani, nipige kopa (dawa ya ukungu yenye shaba)?

MamaBustani_PA: Wakuu, habari za leo. Niko Pennsylvania, nyuma ya nyumba nina blakiberi na rasiberi nyeusi. Ng'ambo ya uzio kuna kichaka cha blakiberi mwitu. Mwezi huu wa tano baadhi ya machipukizi yametoka membamba, majani madogo yamejikunja, rangi imepauka. Nikiligeuza jani, chini kumejaa unga wa chungwa unaong'aa, ukigusa unabaki kidoleni. Hayana hata ua moja, wakati mashina ya jirani yanachanua vizuri. Kwetu Moshi kahawa ikishikwa na ugonjwa wa kutu tunapiga kopa. Hapa je? Watoto wanazipenda sana hizi beri, sitaki kuzipoteza.

Mkulima_Mbozi: Pole sana dada. Hiyo ni kutu tu. Chuma majani yenye unga, choma moto, kisha piga kopa.

Kijana_wa_Ohio: Mkuu Mbozi, hapo natofautiana nawe. Kutu ya kahawa inashambulia majani, ndiyo maana kopa inasaidia. Hii ya blakiberi inaingia ndani ya mmea mpaka mizizini na kukaa humo maisha yote ya mmea. Vimelea vyake ni viwili: Gymnoconia nitens, na Arthuriomyces peckianus ambacho hupatikana zaidi kwenye rasiberi nyeusi. Hakuna dawa ya kuponya shina lililokwisha kushikwa, na halitakupa matunda ya maana.

Dada, kuwa macho kiangazi. Majani yenye unga yatapukutika, yatachipua mengine ya kijani safi, na mtu yeyote angedhani mti umepona. Majira ya kuchipua mwakani unga utarudi.

Kwa hiyo ng'oa. Funika shina na mfuko wa plastiki kwanza ili unga usipeperuke, ndipo uchimbe na mizizi yote, maana kipande kikibaki kinachipua tena. Mwakani usisubiri unga: ukiona chipukizi jembamba lililopauka, litoe siku hiyohiyo. Na kichaka cha ng'ambo kikaguliwe, la sivyo upepo utakuletea ugonjwa kila mwaka.

MamaBustani_PA: Asante mdogo wangu, ingawa inauma. Jirani ana rasiberi nyekundu, nimwonye?

Kijana_wa_Ohio: Nyekundu haishikwi na kutu hii. Ina yake, Pucciniastrum americanum, inayotokea mwishoni mwa kiangazi hadi kwenye matunda.

Bibi_Shamba: Mwanangu, kabla ya kushika jembe angalia jambo moja. Ipo kutu nyingine, Kuehneola uredinis, unga wake ni wa njano kama limau na hupasua ganda la fimbo zilizoota mwaka jana. Hiyo haiingii mizizini, usiue mti kwa ajili yake. Ila machipukizi membamba yasiyo na maua uliyoyaeleza ni ya ile mbaya. Peleka tawi, limefungwa vizuri mfukoni, kwa wataalamu wa ugani wa kaunti yako wathibitishe.

Ukipanda upya, aina ya blakiberi iitwayo Navaho inashikwa kirahisi. Tafuta Arapaho au Ouachita, zinavumilia. Nunua miche iliyothibitishwa kuwa safi, usikubali machipukizi ya kupewa na rafiki, kwani ugonjwa husafiri na mizizi.

MamaBustani_PA: Shikamoo bibi, nimekuelewa. Tawi nalipeleka kesho, na mwenye kiwanja cha ng'ambo nimeshamwomba ruhusa ya kuingia kichakani.