Tasnifu ikiwa mchezo wa jukwaani, ni utafiti?

Mwana wa Kuze: Mpwa wangu yuko kwenye uzamifu. Kakusanya nyimbo za lelemama, ile ngoma ya kina mama, kwa bibi zetu wa Mji wa Kale, Mombasa, sasa ataka tasnifu yake iwe mchezo, wacheze hao hao kina mama, na nyuma yake maelezo ya kitaaluma. Msimamizi kamwambia alete sura tano kama wenzake. Uingereza na Australia watu wahitimu hivi. Mwaonaje?

Likoni Feri: Msimamizi yuko sawa. Tangu lini chakacha ikatiwa alama? Jopo la watahini litahesabu viuno?

Bint Makadara: Chakacha?? Lelemama na chakacha ni mbalimbali, kaka. Kwenye lelemama mama wamejipanga safu, mikono yaenda polepole, kiuno kimetulia. Bibi yangu alikuwa na chama cha ngoma. Walishindana kwa nguo na mafumbo hadi majirani wakanuniana.

Likoni Feri: Nilitoa mfano tu, dada.

Bint Makadara: Mfano wa viuno.

Mzee wa Baraza: Rudini kwenye swali, wanangu. Mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, aliyowarushia watu wa Lamu zama Mazrui wakitawala Mombasa, leo wanahistoria wayasoma kama ushahidi wa vita vya Mombasa na Lamu. Na yangalipotea lau si Mwalimu Sikujua kumkusanyia yule mmisionari Taylor. Huyo Mwalimu Sikujua alipewa shahada gani?

Likoni Feri: Mzee, hapo umenisaidia. Mwalimu Sikujua alikusanya, hakujitia Muyaka. Huyu kijana ni mkusanyaji au mtunzi? Nyimbo ni za bibi, cheti cha kijana.

Mwana wa Kuze: Majina yao yatakuwa kwenye jalada. Nimemwambia mimi mwenyewe.

Likoni Feri: Jalada halilipi nauli. Halafu kina mama wakisema hawachezi mbele ya wanaume, jopo litakaa wapi? Nje, lisikilize ukutani?

Bint Makadara: Lete wahadhiri wa kike. Au hamna?

Likoni Feri: Wapo.

Bint Makadara: Wangapi?

Mzee wa Baraza: Lakini zamani lelemama ilichezwa hadharani, barabarani kabisa. Hilo la kujificha ni la chakacha.

Likoni Feri: Sasa nani kaitaja chakacha?

Bint Makadara: Wewe! Panda juu usome.