Uruguay 1930 au Italia 1934: tiketi ni moja tu, wewe ungeenda wapi?

MzeeWaTandika
Habari za usiku wakuu. Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa kwenye vikombe na muuza kashata kaondoka bila kuaga. Swali lenyewe ni hili: upewe tiketi moja ya kurudi nyuma, uende Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Uruguay 1930, au lile la pili, Italia 1934, na sio uangalie mpira urudi, hapana, unakaa huko mwezi mzima, unapanda tramu zao, unasoma magazeti yao, unasikia watu wanaongea nini sokoni. Unaenda wapi?

Mi niliwajibu Italia bila kupepesa macho. Uruguay zilienda timu 13, mechi za kufuzu hakuna, ni mwaliko tu kama wa harusi, na kila kitu kilichezwa mji mmoja, Montevideo, viwanja vitatu basi. Italia ziliomba nchi 32 zikachujwa zikabaki 16, hata mwenyeji ilibidi afuzu, akampiga Mgiriki 4-0 pale Milan, halafu mechi zikagawanywa miji minane. Redio zinatangaza, posta imetoa stempu za kombe. Hayo ndo mashindano bwana. Naomba kuwasilisha, msinitukane.

kipa_wa_akiba
Italia. Meazza, mfungaji wao, yupo. Nimemaliza.

BintiNgamiani
Mzee Tandika shikamoo. We umehesabu timu na miji, ila umesema tukae mwezi mzima tuishi na watu, sasa mbona hujahesabu watu?

Mi naenda Uruguay. Kwanza kombe lenyewe kule liliwekwa mwaka huo kwa sababu nchi ilikuwa inasherehekea miaka 100 ya katiba yao, 18 Julai 1830 mpaka 18 Julai 1930, ndo maana uwanja ukaitwa Centenario na ukafunguliwa siku hiyohiyo. Ulijengwa chini ya mwaka mmoja, mbio mbio, mvua ikawachelewesha, kwa hiyo kombe lilianza 13 Julai uwanja mkuu bado haujaisha na mechi za mwanzo zikapelekwa viwanja vya klabu, Pocitos wa Peñarol na Parque Central wa Nacional. Angalieni na majukwaa waliyapa majina gani, Colombes na Amsterdam, yaani sehemu walizochukua dhahabu ya Olimpiki 1924 na 1928. Nchi ya watu hawafiki milioni mbili.

Na nje ya uwanja ndo kunanivutia zaidi. Sheria ya saa nane za kazi wanayo toka 1915. Mwanamke anaweza kudai talaka kwa matakwa yake mwenyewe toka 1913, haitakiwi athibitishe kosa la mume. Dini na serikali walishatenganisha, mpaka Krismasi kwenye kalenda ya serikali inaitwa Siku ya Familia 😂. Kura ya kitaifa wanawake walipewa kwa sheria ya 1932. Italia mwanamke kapiga kura ya kitaifa 1946, vita imeshaisha. Sasa mwenzenu niende Italia 1934 nikafanye nini, nikapige makofi?

MzeeWaTandika
Marahaba binti. Hilo la talaka sikulijua, nakiri. Lakini mpira je?

Sheha_Mstaafu
Waungwana, mnabishana nani alijenga nyumba nzuri, mi nitawaonesha mtu aliyelala nyumba zote mbili. Luis Monti. Kiungo wa Argentina, mgumu kama mpingo, fainali ya 1930 kacheza na jezi ya Argentina akafungwa, fainali ya 1934 kacheza na jezi ya Italia akashinda. Hajatokea mwingine mpaka leo aliyecheza fainali mbili za Kombe la Dunia kwa nchi mbili.

Alifikaje huko? Juventus walimchukua 1931, na kwa kuwa asili ya ukoo wake ni Italia akapewa jezi ya taifa. Hakuwa peke yake, Orsi na Guaita na Demaría wote walitokea Argentina. Utawala wa kifashisti wa Mussolini ulihubiri utaifa usiku na mchana lakini goli la kusawazisha kwenye fainali kafunga Orsi aliyezaliwa Avellaneda, na goli lililomtoa Austria nusu fainali kafunga Guaita. Bila wahamiaji wale kombe wangelisikia redioni.

Montevideo huyo Monti alipata vitisho kabla ya fainali, akaingia uwanjani kama mtu aliyeitwa polisi. Kwa hiyo na Uruguay msiifanye pepo. Refa wa fainali, Mbelgiji John Langenus, alikubali kuchezesha baada ya kuhakikishiwa usalama wake na njia ya kuondoka haraka mpira ukiisha. Mashabiki walipekuliwa silaha getini. Hata mpira wa kuchezea waligombana, kila mmoja anataka wake, ikabidi kipindi cha kwanza utumike wa Argentina na cha pili wa Uruguay. Kipindi cha kwanza Argentina wanaongoza 2-1. Mwisho wa mchezo 4-2 Uruguay. Hesabu mnaiona wenyewe.

kijana_wa_pweza
sheha umeniua hapo pa mpira 😂😂 yani kama chandimu zetu mwenye mpira akichukia anaondoka nao

Mdau_Kasarani
Nyinyi wote mmesahau Misri. Italia 1934 ndio Afrika iliingia mara ya kwanza, Misri walicheza na Hungary hapo Naples tarehe 27 Mei wakapoteza 4-2, na hayo magoli mawili yote ni ya mtu mmoja, Abdelrahman Fawzi. Baada ya hapo Afrika ilikaa hadi Morocco 1970 ndio tukarudi, miaka 36 bana! Na 1930 Misri walikuwa waende Uruguay lakini dhoruba iliwachelewesha, meli ikawaacha. Mimi kama Mwafrika nikipewa tiketi moja nitaenda Naples nikae nione Fawzi, hayo mengine mtanisimulia.

Lakini pia ningerudi haraka sana, juu hiyo serikali iliyokuwa inampigia Fawzi makofi Mei 1934, Oktoba 1935 ilikuwa inavamia Ethiopia, na hapo ni mlangoni kwetu.

BintiNgamiani
@Mdau_Kasarani hilo la Naples limenigusa. Wakati huo sisi huku Kenya na Uganda walikuwa wanagombea Kombe la Gossage toka 1926, sijui kama kuna mtu kijijini alisikia kwamba Mwafrika kafunga mawili Ulaya.

Ila ngoja nimalizie hapo kwenye makofi. Mzee Tandika, Machi 26 mwaka huohuo 1934, miezi miwili kabla ya kombe, Italia walifanya uchaguzi. Orodha ni moja, ya chama cha kifashisti cha Mussolini. Unapewa karatasi mbili, ya ndiyo ina rangi za bendera, ya hapana nyeupe tupu, unachagua moja unatumbukiza. Ndiyo ilipata asilimia 99.84. Sasa we mgeni umekaa kwenye mgahawa Bologna unataka kusikia watu wanaongea nini, watakuongelesha nini? Utasikia habari za mpira tu, na hizo nazo kwa tahadhari. Fainali ilichezwa uwanja unaoitwa kwa jina la chama, Turin uwanja unaitwa Mussolini, wachezaji kabla ya mechi wananyoosha mkono, na kombe la FIFA halikutosha, likatengenezwa lingine la pembeni la Duce, yaani Mussolini mwenyewe, kubwa kuliko lenyewe.

kipa_wa_akiba
Siasa zipo kila mahali dada. Argentina waliofungwa 1930, nyumbani kwao ubalozi mdogo wa Uruguay ulipigwa mawe, na wiki tano baadaye, 6 Septemba, jeshi likamtoa rais Yrigoyen. Uruguay yenyewe mpaka 1933 wamepinduliwa. Kwa hiyo hiyo nchi yako ya katiba ilidumu miaka mitatu tu.

BintiNgamiani
Nakubali, na inauma. Rais Gabriel Terra alichaguliwa Novemba 1930, miezi minne tu baada ya sherehe, 31 Machi 1933 akalivunja bunge mwenyewe. Baltasar Brum, rais wa zamani, siku hiyohiyo akajiua barabarani Montevideo kupinga. Kibaya ni kwamba mwanzo wa anguko ulikuwepo hata wakati watu wanashangilia, maana soko la New York lilishaporomoka Oktoba 1929, na Batlle y Ordóñez, mzee aliyejenga zile sheria zote, alifariki mwezi huohuo. Nchi inaishi kwa nyama na sufu, Ulaya wakipunguza kununua we umekwisha. Ndo maana nataka kwenda 1930 na sio 1933. Ukienda harusini si lazima ukae mpaka talaka.

Sheha_Mstaafu
Binti, hiyo ya talaka imekaa.

Niongeze jambo, maana vijana wanadhani Centenario ilikuwa ya weupe watupu. José Leandro Andrade, mweusi, alizaliwa Salto, kacheza Olimpiki zote mbili na fainali ya 1930, Wafaransa walimwita Ajabu Nyeusi. Kwao alikuwa mpiga ngoma wa kanivali. Italia ya 1934 angekaa wapi mtu huyo? Lakini na Uruguay hawakumtunza, alifariki 1957 Montevideo akiwa fukara. Sheria nzuri ilikuwepo, mwenye nayo hakuwa kila mtu.

kijana_wa_pweza
swali wakuu, kwa nini uruguay hawakwenda italia kutetea kombe lao? au waliogopa

Mdau_Kasarani
Walikasirika. 1930 kutoka Ulaya zilikuja timu nne tu, Ufaransa, Ubelgiji, Romania na Yugoslavia, ingawa Uruguay walijitolea kulipa nauli na malazi. Ilipofika 1934 wakasema nyinyi hamkuja kwetu, sisi pia hatuji. Mpaka leo ndio bingwa pekee aliyekataa kutetea.

Na ukiona walichofanyiwa Brazil na Argentina walikuwa sawa. Kombe la Italia lilianza na mtoano moja kwa moja, hakuna makundi. Wamevuka bahari yote ile, wamecheza dakika 90, wamepoteza, rudi nyumbani. Hiyo ni kuchokozwa.

MzeeWaTandika
Hapo kwenye mtoano nakubali ni uonevu. Ila utamu wake nao! Italia na Hispania Florence tarehe 31 Mei, sare 1-1 mpaka dakika za nyongeza zinaisha, wanarudiana kesho yake, KESHO YAKE wakuu, hakuna kupumzika, Zamora kipa wa Hispania kaumia hayupo, Meazza anafunga moja, kwisha. Siku mbili mbele nusu fainali na Austria. Fainali dhidi ya Czechoslovakia Puč wao anafunga dakika za mwisho mwisho, Orsi anasawazisha, Schiavio anamaliza dakika za nyongeza, 2-1. Mi hiyo presha naitaka.

Sheha_Mstaafu
Mzee wangu, yule refa wa nusu fainali, Eklind wa Sweden, ndiye aliyepewa na fainali. Sisemi kitu. Nimeeleza tu ratiba.

kipa_wa_akiba
Hahaha sheha bana. Marefa wa Uruguay ndo walikuwa malaika? Ufaransa na Argentina, 15 Julai, Monti huyohuyo wenu kafunga dakika ya 81, Mfaransa Langiller anakimbia kwenda kusawazisha, refa Mbrazili anapuliza filimbi ya mwisho ZIKIWA ZIMEBAKI DAKIKA SITA. Fujo, mashabiki uwanjani, refa akagundua kakosea ikabidi awaite wachezaji warudi wamalizie.

BintiNgamiani
Si ndo tofauti yenyewe hiyo ndugu yangu. Kule refa kakosea, kapigiwa kelele, kakubali, karudisha mechi. Mi napenda nchi ambayo mtu anaweza kukosea mbele ya watu akapigiwa kelele na asiye na cheo.

kijana_wa_pweza
basi mi nishaamua uruguay ila kwa meli wiki mbili naogopa, nasikia walikuwa wanafanya mazoezi kwenye meli

Mdau_Kasarani
Ndiyo, Conte Verde. Romania walipandia Genoa, Ufaransa Villefranche tarehe 21 Juni, Ubelgiji Barcelona, wote meli moja na Jules Rimet, rais wa FIFA, na kombe lenyewe. Wakapitia Rio kuchukua Brazil, wakafika Montevideo 4 Julai. Fikiria unakula mezani na beki ambaye wiki ijayo atakuvunja mguu.

MzeeWaTandika
Wakuu mmeniyumbisha. Kilichonimaliza sio talaka wala refa. Nilienda kumtafuta yule Héctor Castro. Jamaa alikatwa mkono wa kulia na msumeno wa umeme akiwa na miaka 13, wakawa wanamwita Kiwete wa Mkono. Goli la kwanza kabisa Centenario, siku ya miaka 100 ya katiba, Uruguay 1-0 Peru, kafunga yeye. Goli la mwisho la fainali, la nne, kafunga yeye. Kaufungua uwanja na kombe kalifunga, kwa mkono mmoja. Kipa wao Mazali kwa upande mwingine aliachwa na timu kwa kutoroka kambini usiku, dhahabu mbili za Olimpiki hazikumsaidia.

Kijiweni sitasema nimebadili mawazo, mtanifichia. Ila tiketi yangu nibadilishieni, jukwaa la Amsterdam, karibu na uwanja.

Sheha_Mstaafu
Chukua koti zito. Julai kule ni kipupwe na majukwaa ni saruji tupu.